Injini Iliyopimwa Zizini

Nimekutana na wajinga wa kila namna, lakini mjinga mwenye pikapu ni wa aina yake. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha uvuvi alikuwa na pikapu. Kwa hiyo, katika miaka ile ya tisini, kwetu kwenye nchi kavu ya Mbeere, huku chini ya Embu kando ya bwawa, yeye ndiye aliyekuwa mjuzi wa kila kitu chenye injini.

Boti tulipewa na padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Injini yake ilikuwa kuukuu, ya kufungwa nyuma ya boti, yenye tangi dogo la oili na king'ora cha kumwonya dereva. Siku ya kutukabidhi, padri alieleza polepole kwamba king'ora kile kina kazi mbili: hulia oili ikipungua, na hulia injini ikishika joto kwa kukosa maji ya kuipoza. Injini ile hunywa maji ya bwawa kwa chini na kuyatoa pembeni kama mtoto anayekojoa. Nilikuwa nikigawa chai, nikasikia yote. Wazee wa kamati walikuwa wakitazama sufuria.

Mume wangu alichaguliwa kuwa dereva. Kabla ya hapo alichoma mkaa miaka yote ya ndoa yetu, na moshi ulikuwa umemkaa kifuani. Akianza kukohoa, watoto waliacha kula. Sasa alivaa shati safi. Alipenda kuitwa dereva kuliko jina alilobatizwa nalo, na mimi nilipenda kufua shati lisilotoa maji meusi, sioni haya kusema. Lakini mwenyekiti alikuwa na mpwa wake asiye na kazi, na kila mtu alijua kwamba kiti kile kikitikisika kidogo tu, mpwa atakikalia.

Asubuhi moja king'ora kikaanza kulia katikati ya bwawa. Mume wangu alizima injini, akapiga kasia mpaka ufukoni, akafungua tangi la oili. Lilikuwa limejaa. Jioni aliniambia kwamba yale maji ya pembeni yalikuwa yakidondoka tu badala ya kuruka.

"Ni majani ya bwawa yameziba kule chini," alisema. "Ni ya kutoa tu na kijiti."

"Basi toa."

"Nitoe bila kamati? Mwenyekiti atasema nimechokora injini ya kikundi."

Ndivyo tulivyo. Kwetu hata kuku wa kikundi akiugua hatibiwi wala hachinjwi mpaka kamati ikae, na kamati haikai bila mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa amehamia Kianjokoma, juu kwenye baridi na majani chai, eti jua la nyumbani linamuumiza kichwa. Akashuka Jumamosi. Akasikiliza king'ora kidogo tu.

"Hiyo ni oili. Hata pikapu yangu hulia hivyo hivyo."

"Lakini oili iko, mzee," mume wangu alisema. "Imejaa."

"Basi ni oili mbaya."

Wakaimwaga, wakatia oili nzito ya lori. King'ora kikalia. Mtu mwingine angenyamaza hapo, lakini debe tupu haliachi kuvuma. Mwenyekiti akaamua injini ipakiwe kwenye pikapu, ipelekwe kwake Kianjokoma ikaangaliwe na fundi wa maana. Hakuna aliyeuliza kitu kinachokunywa maji ya bwawa kitapimwa vipi mlimani kusiko na bwawa. Mume wangu alijua. Alisaidia kuipakia.

Nami nilichukuliwa, kwenda kupika, maana wageni hawatazami injini na njaa. Fundi aliletwa kutoka Makutano ya Meru, kana kwamba mafundi wa Embu wamekufa wote. Alikuwa fundi wa malori, na malori pengine aliyajua. Injini ikafungwa kwa kamba kwenye nguzo ya zizi la ng'ombe wa maziwa, naye akaizunguka akiipapasa.

"Sasa dipstiki iko wapi?"

Wakaitafuta wote. Walitafuta kijiti cha kupimia oili ambacho injini ile haikuumbwa nacho, mpaka mukimo wangu wa viazi na mahindi ukapoa. Kisha akauliza rediata ya maji, nayo pia haina. Kisha wakaiwasha pale pale juu ya samadi, kavu kabisa, majirani wakiwa wamejaa uani. King'ora kilipiga kelele kuliko siku zote, na siku hiyo kilikuwa na haki: injini ilikuwa ikiungua kwa kiu. Ng'ombe walirudi nyuma mpaka ukutani. Wao ndio waliokuwa na akili pale.

"Oili iko na bado inalia," fundi alisema. "Basi hii alamu ndiyo imeharibika. Inadanganya."

Mwenyekiti akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama daktari. "Dereva, plaizi."

Mume wangu akampa. Nilimwona kwa macho yangu, mwiko mkononi. Waya ukakatwa, kelele ikaisha, watu wakapiga makofi, na mwenyekiti akanawa mikono aje kula.

Jumamosi iliyofuata injini ilirudishwa kwenye boti, na wazee wakapanda kwenda kukagua nyavu upande wa Ukambani. Mwenyekiti alikaa mbele amevaa koti. Walipofika katikati, sisi tuliokuwa ufukoni tuliona moshi, kisha hatukusikia kitu. Injini ilikuwa imeshikana ndani, haizunguki hata ikivutwa na wanaume wawili. Walirudi kwa kasia moja na sufuria ya samaki, viboko wakiwatazama. Nilicheka. Kisha nikamwona mume wangu ameinamisha kichwa, kicheko kikaniisha, kwa kuwa nilijua nani atatwikwa mzigo.

Kamati ikakaa kanisani, sisi wanawake nyuma kama kawaida. Mpwa wa mwenyekiti alikuwa amekaa benchi la mbele na gambuti mpya za kuingilia majini.

"Injini ya kikundi imekufa mikononi mwa mtu," mwenyekiti alianza. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Dereva, hebu tuambie, mashine ikishika moto, kwa nini hukusikia alamu?"

Nilingoja. Kila mtu aliyekuwa Kianjokoma alingoja. Mume wangu akasimama.

"Nisameheni, wazee," akasema.

Nilimdharau. Nilimdharau kuliko mwenyekiti, maana mwenyekiti alikuwa mjinga tu, lakini yeye alijua.

"Basi imeeleweka," mwenyekiti alisema. "Tuombe kwanza, ndio nitaje dereva mpya. Mama mmoja atuongoze kwa maombi."

Kwetu kuongoza maombi ya mkutano ni kazi ya wanawake. Wanaume hutuachia kwa moyo mweupe kwa kuwa hawaoni kuwa ni kitu. Lakini mtu akishafumba macho na kumwita Mungu, hakuna Mkristo wa Mbeere anayethubutu kumkatiza. Nilisimama kabla ya wenzangu.

"Baba Mungu, hata kule Kianjokoma ulikuwako. Uliona injini ya kunywa maji imefungwa zizini bila tone la maji. Uliona fundi akitafuta dipstiki. Ulisikia alamu ikilia, Baba, na ulimwona mwenyekiti wetu akikata waya. Msamehe, hakujua alitendalo. Ulimwona na mume wangu akimpa plaizi. Yeye alijua, Baba, lakini aliogopa kupoteza kiti. Msamehe na yeye. Na huyu kijana wa gambuti umtafutie kazi nyingine."

Nikataja na oili ya lori. Mabenchi yalikuwa yakilia, lakini hakuna aliyefungua mdomo. Nilipomaliza nikangoja amina, na ilipokawia nikaanza tena tangu mwanzo. Ndipo ikaja, na ya mwenyekiti ndiyo iliyotangulia.

Hakumtaja mpwa wake. Angeanzia wapi? Alisema dereva ni yule yule, tuzidi kumwombea, na injini itatengenezwa wakati wa Mungu ukifika.

Wakati huo haukufika. Lakini mume wangu alikuwa dereva, amethibitishwa kwa maombi mbele ya kanisa zima. Kila asubuhi alivaa shati safi, akateremka bwawani kukaa kwenye boti isiyo na injini. Wapita njia walimwamkia, "Dereva, habari ya kazi?" naye akajibu nzuri. Nilipomwambia unga umeisha na tanuru limekaa bure, alinitazama kama mtu aliyetukanwa. Dereva hachomi mkaa, alisema.

Mkaa nilichoma mimi.