Skuli ya Mezani kwa Bi Khole

Siku ile aliporudi kutoka skuli ya serikali iliyo nyuma ya nyumba yake, mtaani Al Khuwair, Bi Khole alisahau hata kulivua buibui lake. Akakaa nalo jikoni kama mgeni. Wajukuu zake watatu, waliofika Maskati wiki mbili nyuma kutoka Mwanza pamoja na baba yao Msellem, walimzunguka wakimtazama mdomo. Mama yao, Muhsina, alikuwa amebaki huko kumuuguza mzazi wake.

"Bibi, tunaanza lini?" aliuliza Malak, mkubwa wao, aliyekuwa na miaka kumi na miwili.

Ulikuwa mwezi wa Oktoba, mwaka 1996, na muda wa kuandikisha wanafunzi ulikuwa umekwisha pita. Ilikuwa lazima wangoje mwaka mzima. Hilo angelivumilia. Lililomkata maini ni lile alilolisema mwalimu mkuu kwa upole, kwa Kiingereza, huku akimmiminia kahawa: kwamba mwezi wa Agosti watoto watapimwa Kiarabu chao, na asiyekijua ataanza darasa la kwanza, awe na umri wowote ule. Malak, aliyekwisha fika kimo cha bibi yake, akakae na watoto wa miaka sita!

"Mtaanza kesho," alisema hatimaye. "Hapa hapa, mezani."

Kazi hiyo hakuwa mgeni nayo. Usichana wake aliupitisha Unguja katika skuli ya masista, kisha akafundisha miaka sita Konde, kisiwani Pemba, ambako chumba kimoja kilibeba madarasa mawili na mwalimu alikuwa yeye peke yake. Maskati alikuja mwaka 1975, akaingia benki moja ya mtaa wa Ruwi, akakaa miaka ishirini baina ya makaratasi ya Kiingereza mpaka alipopumzishwa. Hakudhani kwamba angeshika chaki tena.

Alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akachora ratiba kwa penseli za rangi tatu: nyekundu ya Malak, kijani ya Khalil mwenye miaka tisa, na buluu ya Aya, aliyekuwa na miaka sita. Alirudia kanuni yake ya Konde, kwamba chumbani pasiwe na vinywa viwili kwa wakati mmoja. Mmoja akisoma kwa sauti, wa pili anaandika, wa tatu anasikiliza. Saa ya jikoni ikitimiza nusu saa, wanabadilishana. Hesabu za Malak zilimngoja Khalil amalize kunakili, na Khalil akipumzika humsahihishia Aya herufi zake.

"Mama," alisema Msellem alipoiona ratiba ukutani, "hata jeshini hawaishi hivi."

"Jeshini hawana Aya."

Kiarabu kilitangulia kila asubuhi. Bi Khole alikifundisha kama alivyofundishwa yeye utotoni mwake katika chuo cha Kurani: herufi, kisha irabu, kisha kuunganisha, mpaka ulimi unyooke. Msomaji mzuri hasimami wala hababaiki. Malak alikuwa na sauti na bidii, na ilipofika Juni aliweza kusoma ukurasa mzima bila ya kuteleza. Bi Khole alifungua dirisha makusudi ili jirani yake Masouda, mwanamke wa Yiti, kijiji cha wavuvi, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, asikie. Kwa Masouda huyo ndiko Aya alikokuwa akitorokea kila zamu yake ya kusikiliza ilipofika, akacheze na watoto wa huko. Bi Khole alimgombeza mara nyingi, kisha akachoka.

Ijumaa moja ya Julai, baada ya chakula cha mchana, alikuja Suud, mtoto wa kaka yake, mwalimu wa Kiarabu katika skuli moja ya Ruwi. Aliitazama ratiba, akapiga mluzi.

"Shangazi, wizara wanajua kwamba una skuli huku? Wasije wakakuletea mkaguzi."

"Mkaguzi si wewe? Umekula samaki wangu, sasa kagua. Malak! Njoo umsomee ami yako."

Suud alitoa mkobani kitabu cha darasa la tano. Malak aliweka mtandio wake sawa, akaketi wima, akaanza. Sauti ilipanda na kushuka, herufi za ha na ain zikitoka kooni barabara, na penye kuvuta akavuta. Bi Khole alisimama nyuma yake akifuata mstari kwa kidole, machozi yakimlengalenga. Katikati ya ukurasa, Aya, aliyekuwa amelala mkekani na mwanasesere wake, aliangua kicheko.

"Aya! Adabu!" Bi Khole alimkemea. "Kinasomwa Kiarabu, wewe unacheka?"

Aya alijiziba mdomo, lakini mabega yaliendelea kumtikisika.

Malak alipomaliza, Suud alimuuliza jambo kwa Kiarabu. Mtoto alimtazama, akitabasamu. Suud akamuuliza tena, polepole. Tabasamu likaanza kufifia. Suud akageukia Kiswahili.

"Mwanangu, ulichosoma kinahusu nini?"

Malak alimtazama bibi yake, akakitazama kitabu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kinahusu... Peponi?"

Suud alikimeza kicheko chake. "Kinahusu mbuzi. Mkulima alilala, mbuzi akaja akamlia kilemba."

"Na viatu!" alidakia Aya kutoka mkekani. "Kala na viatu, mkulima kaenda sokoni kichwa wazi na miguu mitupu!"

Vichwa vyote viligeukia mkekani.

"Umejuaje wewe?" aliuliza Bi Khole.

"Si Malak kasema sasa hivi?"

"Shangazi," Suud aliuliza taratibu, "na wewe ulijua?"

Bi Khole alivuta kiti, akakaa. Nyumbani alisema Kiswahili, kazini Kiingereza, na kwa Kiarabu alijua kusalimia, kusali na kununua vitunguu. Mbuzi yule alipita chini ya kidole chake mwenyewe.

"Sikujua," alisema. "Wallahi, Suud, hata pembe zake sikuziona. Miezi tisa nnamfundisha mtoto kutoa sauti."

"Zimebaki wiki sita," alisema Suud.

Malak alikuwa amekwisha kimbilia chumbani.

Bi Khole hakungoja hasira impoe wala haya imshike. Alitoka vile vile alivyo, akagonga kwa Masouda, akamweleza kwa Kiarabu cha kuokoteza na mikono. Masouda alikuwa akifunga vitu vyake ili ende Yiti kwa mama yake, kumaliza joto. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia waende wote.

"Mtihani wangu wiki sita, mimi nende nikaanike samaki?" alilia Malak usiku ule.

"Utakwenda, na mimi nakwenda. Sote watatu hatujui kitu, mwalimu wetu Aya."

"Bibi! Aya anakojoa kitandani!"

"Siku hizi hakojoi. Funga nguo zako."

Huko Yiti Bi Khole aliweka sharti moja tu: atakaye kitu akiombe kwa Kiarabu, na asiyejua amuulize Aya. Khalil alizoea siku ya pili, kwani mpira hauhitaji maneno mengi. Malak aliona fedheha kuongozwa na mtoto wa miaka sita. Siku tatu za mwanzo alikula wali mkavu kwa kukataa kuuliza mchuzi unaitwaje. Siku ya nne Bi Khole alisikia makelele uani. Alichungulia. Malak alikuwa akigombana na Khawla, binti wa Masouda, juu ya ndoo. Sentensi zilikuwa vipande vipande, na Khawla alikuwa akisemeshwa kwa maneno ambayo Kiarabu huwawekea wanaume, lakini alikuwa anajibu, na Malak alikuwa anamjibu tena. Bi Khole aliwaacha wagombane mpaka wachoke.

Alasiri walisoma. Mstari mmoja, kisha kusimama na kueleza. Kusimama ndiko kulikomshinda Malak, maana ulimi wake ulikwisha zoea kwenda mbio. Ikabidi Bi Khole auwekee ukurasa kiganja, mstari unaofuata usionekane.

Mwisho wa Agosti walikaa kwenye benchi la skuli nyuma ya nyumba. Aya na Khalil walikwisha pimwa, Aya akapata darasa la kwanza, Khalil la tatu. Mlango wa chumba ulikuwa wazi Malak alipoingia. Alisoma mistari mitatu, akasita, akanyamaza. Bi Khole alishika ukingo wa benchi. Chuoni kwao kusita kulikuwa ndiko kushindwa. Kisha akamsikia mjukuu wake akisema, kwa Kiarabu cha wavuvi wa Yiti, "Mwalimu, neno hili silijui. Ni chombo au ni mnyama?"

Mwalimu alicheka. Wakazungumza. Walizungumza muda mrefu, hata Bi Khole akauachia ukingo wa benchi.

"Darasa la tano," alisema mwalimu alipotoka.

Bi Khole alikuwa amejiandalia la pili. Hata la kwanza alikuwa amelipangia maneno ya faraja. Akajifunika uso kwa ncha ya buibui lake.

"Bibi, nimefeli?" Malak alimvuta mkono. "Mbona uko hivyo?"

"Hukufeli." Akamgeukia mwalimu. "Na watu wazima? Kuna masomo yao?"

"Yapo, jioni. Lakini wewe, bibi, si mwalimu? Ndivyo alivyoniambia mjukuu wako."

"Nipime."

Mwalimu alidhani ni mzaha. Bi Khole aliingia, akakaa kwenye kile kiti cha Malak, magoti yakagota meza. Akasoma mistari miwili, akasimama, akaeleza. Akasoma mwengine, akasimama, hakuweza kueleza, akasema kwamba hawezi.

"La tatu," alisema mwalimu, akijizuia kucheka. "Na hilo kwa heshima."

Mlangoni, Malak alijiziba mdomo kwa viganja viwili, mabega yakimtikisika kwa kicheko.