Aliyesamehewa Akiwa Ziwani

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wetu wa mwisho aliyekuwa bado sekondari, shangazi yetu wa Kasingirima ambaye nyumba ni yake, mjomba aliyeshuka na pikipiki kutoka Kalinzi, shehe wa mtaa, mwenye duka wa pale kona, na mwenye boti aliyekuwa amemwajiri mdogo wangu wa kiume. Majirani walikaa nje chini ya turubai. Mdogo wangu mwenyewe hakuwepo, na kwa sababu hiyo tulikuwa tumekusanyika.

Alikuwa ameingia ziwani na wenzake kuvua dagaa. Upepo wa kusini ukaamka, injini ikazimika, boti ikapinduka, wenzake wakaokotwa, yeye hakuonekana tena. Tukangoja. Ziwa letu lina kina kirefu, na wavuvi hawategemei kurudishiwa mtu aliyezama katikati. Mwishowe shangazi akakata shauri tumsalie bila maiti, apumzike.

Wazazi walipofariki mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule, nikaanza kuanika dagaa Katonga ili wadogo zangu wasome. Yeye alisoma hadi chuo kikuu, kwa mkopo wa serikali, akarudi na cheti cha ualimu. Ajira hakupata. Ndivyo mwalimu alivyoishia kuvuta nyavu za mtu mwingine, huku mkopo ukimsubiri.

Swala ilipokwisha, shehe akauliza lile swali ambalo kwetu huulizwa kabla watu hawajatawanyika: anayemdai marehemu ajitokeze, asamehe au alipwe. Tunaamini kwamba mtu hatulii huko alikokwenda ikiwa nyuma yake bado anadaiwa.

Mwenye duka akasema alimdai sukari na sabuni, amemsamehe duniani na akhera. Mwenye boti alikuwa amemtangulizia hela ya kazi. Naye akasamehe, macho yakiwa kwenye mkeka. Kutoka nje chini ya turubai sauti zikafuata moja moja, nimemsamehe, nimemsamehe, za watu ambao sikujua hata kama waliwahi kumkopesha. Nyumba ikawa nyepesi, kama watu walioshushwa mizigo kichwani.

Hapo simu ikatetemeka.

Ilikuwa simu yake. Alikuwa na tabia ya kuiacha nyumbani kwa kuogopa maji, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameichaji kila siku tangu apotee, bila kutuambia. Ilikuwa juu ya kabati, ikisogea yenyewe kidogo kidogo kuelekea ukingoni. Shehe akamwambia mdogo wetu aisome. Akasoma kwa sauti ya darasani. Ulikuwa ujumbe wa mkopo wa chuo. Ulimtaja kwa majina yake yote matatu na kumkumbusha kulipa. Ulimwita ndugu. Ulimtakia siku njema.

Shangazi akajifunika khanga hadi usoni.

"Na hilo nalo lisamehewe," mjomba akasema.

Mwenye duka akamuuliza nani wa kulisamehe, wakati mwenyewe anayedai hayupo hapa.

"Mwenyewe ni sisi. Serikali ina hela gani isiyotoka kwetu? Kahawa yangu hukatwa kodi kila msimu. Basi kipande changu nimekisamehe. Ni kama mbegu moja ya kahawa, lakini nimesamehe. Huyu alisoma ili afundishe watoto wetu, kosa si lake kama hakupewa darasa."

Watu wawili watatu wakacheka chinichini. Mwenye boti hakucheka.

"Mimi kipande changu cha mkopo huo sisamehi, mzee wangu. Deni la sukari ni jingine. Lakini wanangu walitoka darasa la saba wakaingia ziwani, na hakuna serikali iliyowakopesha hata wavu wa kokoro. Leo niwalipie waliosoma?"

Sikumchukia. Nilijua anasema kweli, maana hata mimi hakuna aliyenikopesha. Shangazi akamwambia kutoka ndani ya khanga kwamba injini yake ingekuwa nzima, mtoto wetu angekuwa hai, alipe mwenyewe. Shehe akawatuliza wote. Kisha akasema kwamba deni lisilosamehewa na mwenyewe hubebwa na ndugu, akanitazama.

"Nimelichukua mimi," nikasema.

Sikujua ni kiasi gani. Nilitaka tu atulie.

Msiba ulipokwisha nilirudi Katonga. Asubuhi moja, nikiwa nageuza dagaa kwenye kichanja, wanawake wenzangu waliacha kuongea. Hawakuacha kidogo kidogo. Waliacha wote pamoja. Nikainua kichwa. Alikuwa amesimama kati ya vichanja, amekonda, amevaa suruali na shati zisizo zake.

Nilimtazama miguu kwanza. Ilikuwa miguu ya mtu, si kwato za jini.

Mama mmoja, bila kumsogelea, akamwambia amtaje mama yake. Akamtaja. Yule mama akamwambia amtaje bibi. Akamtaja pia, kwa jina la Kiha ambalo hata mimi nilikuwa nimelisahau. Ndipo akaniomba maji. Kumbe kule ziwani alishikilia dumu tupu hadi boti ya ng'ambo ikamwokota, akaugua huko Kongo, bila simu wala hela, mpaka akapata chombo cha kuvukia. Niliyasikia yote hayo baadaye. Pale nilimtazama tu akinywa, nikisikiliza maji yanavyoshuka kooni.

Alipopata nguvu alikwenda dukani kulipa sukari na sabuni. Mwenye duka akaisukuma hela kwa ncha ya kalamu, bila kuigusa. Akamwambia kwa upole kwamba yule aliyekopa alikwisha kufa, na yeye hawezi kula hela ya msamaha. Lakini kumkopesha tena hakutaka. Mwenye boti hali kadhalika, na kazi hakumpa. Watoto wa jirani wakimwona huhamia upande wa pili wa njia. Watu humwitikia salamu, ila wao hawaanzi.

Jioni moja aliniambia, "Dada, wote waliokuwa wananidai wameniacha. Lile la chuo tu ndilo bado linaniita jina langu."

Nimewaza sana juu ya siku ile. Watu wa mtaa mmoja, wengi wao hawana kitu, walimpunguzia mtu mzigo kabla uji wa msiba haujapoa. Inawezekana basi. Kinachonisumbua ni kwamba ilibidi kwanza tumsalie. Angekwenda kwa hao hao akiwa hai, na cheti chake mkononi, wangemwambia avumilie. Mimi ningependa serikali, na sisi tulio nyuma yake, tumtazame kijana asiye na ajira kwa huruma ile ile tuliyoitazama simu yake juu ya lile kabati. Lakini kila nikifika hapo namsikia mwenye boti akiuliza habari za wanawe, na jibu lake sijalipata. Labda nao walistahili kukopeshwa, na kusamehewa.

Nilimuuliza shehe kama neno langu bado lipo, maana nililisema kwa ajili ya maiti ambayo haikuwepo. Alifikiri sana, akasema niuulize moyo wangu. Sikuuliza. Nilisema mbele ya watu.

Kila nikiuza dagaa napita kwa wakala wa pesa za simu, natuma kidogo kulipia mkopo wake. Mjomba akivuna kahawa hunitumia noti moja, anasema ni kile kipande chake. Juzi nilipotuma, ujumbe ulirudi: malipo yamepokelewa, na chini yake kiasi kilichobaki. Nilimpelekea mdogo wangu aone. Alikuwa amekaa kizingitini, peke yake. Akasoma mpaka chini, akanirudishia simu, akaniuliza kama kesho kutakuwa na jua la sisi wawili kuanikia dagaa.