Jopo la Maprofesa Sebuleni kwa Mama

Jamani, hii habari nilikuwa nimeapa kwamba nitakufa nayo, lakini kwa kuwa jirani yetu Mama Anna ameshaisimulia mpaka kwenye vikao vya harusi za watu, bora niiseme mwenyewe kabla haijaongezwa chumvi nyingine, maana ile inayozunguka sasa hivi mtaani kwetu Olasiti inasema nilizimia (sikuzimia, nilikaa chini ghafla tu) na kwamba profesa alilia (hakulia, alifuta miwani). Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena, na namwomba Mungu nisiipate.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimepanga chumba Kaloleni, na shahada yangu ya uzamili nimeisoma yote kwa mtandao. Zamani mtu wa Arusha akitaka uzamili ilibidi aage nyumbani kama anakwenda vitani, apande basi mpaka Dar, akakae kwa ndugu asiyempenda. Ilipokuja corona, vyuo vikafungwa, na sisi tuliokuwa shahada ya kwanza tukarudishwa kwetu na mabegi yetu, kisha chuo chetu kikaanza kujaribu kutufundisha kwa simu, na walimu wenyewe kamera hawaijui, kuna mmoja muhula mzima tuliona dari ya nyumba yake tu. Tukadhani ni mambo ya kupita. Corona ikapoa, watu wakavua barakoa, lakini chuo kikabaki kulekule kwenye simu, na leo kuna watu wana uzamili wao safi kabisa na geti la chuo hawalijui.

Kwa hiyo tasnifu yangu nikaiandika juu ya jambo hilohilo: nyumba inapogeuka chuo, nini kinamsaidia mwanafunzi na nini kinamkwamisha. (Idara yetu inaruhusu kuandika na kutetea kwa Kiswahili. Ingekuwa Kiingereza, nusu ya haya yasingetokea.) Utetezi wa kwanza nilianguka. Kulikuwa na mtahini wa nje, mzee mmoja wa miwani, ambaye alikuwa akikusubiri umalize kujibu, anakuangalia, halafu anasema taratibu, "Kwa hiyo?" Neno hilo peke yake lilinimaliza. Nikaambiwa nikajipange nirudi, na kwamba nikianguka tena ndiyo basi, nafasi ya tatu haipo. Miaka yote ya kusoma huku nasahihisha madaftari ya watoto wa watu ikawa inaning'inia kwenye asubuhi moja.

Sasa uamuzi wenyewe mdogo ulioniponza ni huu. Chumbani kwangu Kaloleni nisingeweza kutetea kitu, dirishani kuna fundi wa kuchomelea mageti na duka la jirani lina spika kubwa kuliko duka, nikaona niende nyumbani kwa Mama, Olasiti, kuna utulivu. Hapo sikukosea. Nilikosea nilipofika nikamkuta Koko (sisi Waarusha bibi tunamwita koko), ambaye macho yake siku hizi hayaoni vitu vidogo, akaniuliza kwa mara ya mia, "Nai, hicho chuo chako kiko wapi? Mbona unasoma na sikuoni ukienda?" Nikamwonea huruma. Nikajisemea, huyu bibi ameuliza vya kutosha, kesho nitaiunganisha kompyuta na ile televisheni kubwa ya Mama, akae kwenye kochi aone maprofesa wangu kwa macho yake, roho yake itulie. Na kama vile hiyo haitoshi, nikamwambia Mama kwa majivuno, "Utetezi ni wa wazi, Mama. Mtu yeyote anaruhusiwa kusikiliza."

Mtu yeyote! Mimi mwenyewe nimetamka.

Asubuhi nimevaa koti langu la mikutano, nimeshika karatasi zangu, naingia sebuleni nakuta jumuiya nzima ya kina mama wa kanisani wamejaa mpaka kwenye mikeka, vitenge vya sare, hotipoti ya chapati iko mezani na chupa za chai zimepangwa. Mama Anna, ambaye ndiye mwenyekiti wao, akanikumbatia mpaka karatasi zikakunjika. Nikamvuta Mama pembeni. "Mama, hawa ni nani?"

"Si ulisema ni wa wazi?" akanijibu, na alikuwa amefurahi kiasi kwamba nikamwacha.

Nikawaomba wakae nyuma yangu, wasiongee, na nikadhani nimemaliza. Kumbe waya wa televisheni ulikuwa mfupi, kompyuta ilibidi ikae palepale chini ya televisheni, kwa hiyo kamera yake ilikuwa inatazama sebule yote. Jopo lilipofunguka nikajiona kwenye kioo kikubwa nimesimama mbele na safu ya kina mama nyuma yangu na vitenge vyao vya kufanana, yaani kama mwimbaji kiongozi wa kwaya anayesubiri kinanda kianze.

Mwenyekiti wa jopo, mama mmoja mpole, akasema, "Karibuni wote, naona mtahiniwa yuko tayari, na, eh, ana wenzake." Kabla sijajieleza, Koko akauliza kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, "Hawa wameingia humu ndani mbona hawasalimii?"

Maprofesa watano kwenye televisheni wakatulia kama picha za ukutani. Kisha mmoja akasema shikamoo, mwingine akafuata, Koko akawa anaitikia marahaba mmoja mmoja kwa zamu, na hajatosheka, anawauliza za huko, mvua imenyesha, watoto hawajambo? Yule wa miwani ndiye alikuwa wa mwisho. "Shikamoo, bibi," akasema kwa sauti ya chini. Nikafikiri tumemaliza, nikafungua mdomo nianze, nikasikia nyuma yangu Mama Anna anasema, "Basi tusimame, tuombe."

Sasa ninyi mnaotoka kwetu mnajua. Kwetu watu hawakusanyiki bila kuanza na sala, na watu wakishafumba macho hakuna mtu wa kutembea. Kile kitufe cha kuzima sauti nilikuwa nakiona, kiko hatua chache tu mbele yangu, na sikuweza kukifuata, miguu ilikataa, nimelelewa hivyo. Nikafumba jicho moja. Mama Anna akaomba kwa ajili ya taifa, akaombea wagonjwa, akashukuru kwa kutuvusha kwenye corona, halafu akapandisha sauti: "Na hawa maprofesa, Bwana, walegeze mioyo yao. Hasa huyo wa miwani."

"Amina!" wakaitikia kina mama wote. Nilipofumbua lile jicho nikaona maprofesa wote wameinamisha vichwa, na yule wa miwani anakohoa.

Nikaanza kutetea. Nilieleza vizuri, kusema kweli, labda kwa sababu hofu ilikuwa imeshapita kiwango chake, ila kila nikimaliza hoja kina mama wanapiga makofi, na nilipotaja jina la mbinu ya utafiti (jina refu, la kizungu) mmoja akapiga kigelegele. Mwenyekiti wa jopo akaomba kwa upole kwamba vigelegele visubiri mwisho. Nikageuka kuwatazama kwa jicho la ukali, Mama akanionyesha kwa mkono kwamba niendelee, ninafanya vizuri.

Ndipo zamu ya mtahini wa nje ikafika. Akafungua tasnifu yangu, akasogeza miwani, akasema, "Sura ya nne. Umeandika kwamba kikwazo kikubwa kwa mwanafunzi anayesomea nyumbani ni familia. Nasoma maneno yako." Na akasoma, kwa sauti nzito iliyotoka kwenye spika za televisheni ya Mama na kujaa sebule yote: "Mzazi mmoja wa pembezoni mwa jiji la Arusha alimtoa binti yake katikati ya mtihani wa mtandaoni ili akamsaidie kuhudumia ng'ombe, jambo linaloonyesha uelewa mdogo wa wazazi kuhusu elimu ya juu."

Jamani, binti yule alikuwa mimi, na yule mzazi mwenye uelewa mdogo alikuwa amekaa nyuma yangu ameshika birika.

"Mzazi huyu ulimhoji?" akauliza.

"Hapana, profesa. Nilitumia, eh, uzoefu wangu."

"Kwa hiyo?"

Hapo ndipo nilipokaa chini ghafla. Kiti hakikuwepo, nikakaa kwenye mkeka katikati ya kina mama, nimepotea nusu kwenye kamera, linaonekana paji la uso tu, na kichwani nilikuwa nawaza kwamba uzamili umekwenda, na mbaya zaidi nitageukaje nimtazame Mama.

Mama akaweka birika chini. "Ni mimi huyo," akasema.

"Mama, subiri," nikamnong'oneza.

"Nisubiri nini? Ameuliza kama nimehojiwa." Akasogea mbele ya televisheni, akajitengeneza kitenge, akaongea na yule mtahini kama anaongea na daktari wa mifugo. "Ni kweli nilimtoa. Ng'ombe alikuwa anazaa, ndama amekuja vibaya, nipo peke yangu na huyu mama mkwe wangu haoni vizuri. Ningefanyaje, baba? Na mimi nilikuwa namwona mtoto amekaa ndani toka asubuhi anatazama simu. Nitajuaje kama ni mtihani ama anachati? Chuo mmekifunga, mtoto mmenirudishia, hamkuniambia kwamba sasa chuo ni hapa kwangu. Mngeniambia, ningejipanga."

Mama akaongeza, lakini sasa anaongea na mimi: "Na yule ng'ombe, Nai, si ndiye maziwa yake yalikuwa yanakununulia bando? Hilo mbona hukuliandika?"

Sikuliandika. Nililijua kila siku ya maisha yangu na sikuliandika, kwa sababu halikunijia kwamba ni utafiti, lilikuwa ni Mama tu. Nikaanza kulia pale kwenye mkeka, Mama Anna akanipa upande wa kitenge chake nifute kamasi, na kamera inaona.

Mtahini akasema kwa sauti ya chini, kwa mazoea tu, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo amesoma, mwanangu," Koko akamjibu kutoka kwenye kochi. "Si huyo hapo?"

Kina mama wakashindwa kuvumilia, vigelegele vikapasuka, na kwenye televisheni maprofesa wanne walikuwa wamefunika midomo yao. Mwenyekiti akafuta machozi ya kicheko akasema jopo linahitaji kushauriana, kwa hiyo tutatolewa nje kidogo kisha tutaitwa. "Tutolewe nje?" Koko akahamaki. "Ya nyumba yangu?" Kioo kikawa cheupe, kimeandikwa tusubiri. Ikawa nafasi ya chapati. Mimi sikula. Nilikwenda kukaa karibu na Mama, na sikusema samahani kwa maneno, nililaza kichwa begani kwake, naye akaniwekea chai kwa nguvu akasema, "Uelewa mdogo," huku anatikisa kichwa, akacheka peke yake.

Waliporudi, mwenyekiti alisoma uamuzi: nimefaulu, ila kwa masharti kwamba sura ya nne naiandika upya, na wazazi wote niliowataja niende nikawahoji, nikianza na huyo wa nyumbani. Sitaelezea kelele zilizofuata. Nilichotaka kueleza ni kwamba katikati ya kelele hizo Koko alikuwa ameinuka, anapapasa kuelekea kwenye televisheni, na anamwambia yule wa miwani, "Wewe, lete kichwa."

Nilitaka kufa. Nikaanza kumweleza profesa kwamba ni desturi ya kwetu, mtoto akimsalimia mzee anainama mzee amguse kichwani, amsamehe bibi, haelewi kwamba ile ni televisheni. Nikagundua naongea peke yangu. Mtahini wa nje alikuwa ameshavua miwani. "Nimekulia Ngaramtoni, bibi," akasema, kumbe ni wa kwetu hapahapa Arusha, akainama mpaka kipara chake kikajaa kioo chote, na Koko akaweka kiganja chake pale katikati, akakiacha kwa muda, akisema maneno yake ya Kimaa taratibu. Alipoinuka, yule mzee alikuwa anafuta miwani, na alifuta kwa muda.

Kwa hiyo naapa mbele yenu: sitaunganisha tena kitu chochote na televisheni, sitamwambia tena Mama kwamba jambo ni la wazi, na sitaandika tena sentensi juu ya mtu wa nyumbani bila kwanza kukaa naye na kumuuliza. Mama nilimhoji wiki iliyofuata, zizini, akikamua huku anajibu, na ilinibidi nirudie maswali kwa sababu alikuwa ananituma vitu kila baada ya dakika chache. Alama ya mafuta ya chapati ya kiganja cha Koko bado ipo kwenye kioo cha televisheni. Nilitaka kuifuta siku ileile, Mama akakataa, akasema niache, hapo ndipo nilipohitimu.