Mtu wa Kuitwa Kwanza

Zamani sikuwa napokea namba nisiyoijua. Naanza hapo ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa aina gani. Simu ikilia na namba ngeni, niliitazama, nikaikata, na ikirudia nikaizima kabisa. Mtu mwema ana jina, na jina lake limo kwenye simu yangu. Waliobaki ni matapeli wa kunipongeza kwa zawadi ya mchezo nisioucheza. Hata vitambaa vya wateja wangu hapa Kikula, mtaa wa Likasi, navipima mbele ya macho yao kabla ya kuvigusa kwa mkasi, kwa sababu kila mteja hukumbuka mita moja zaidi ya aliyoleta.

Kwa hiyo binti yangu alipoanza kufunika karatasi kila nilipopita, niliona. Nasema binti yangu, ingawa aliyemzaa ni mdogo wangu. Alimwacha kwangu akiwa na miaka mitatu, akaenda kuolewa Ndola, upande wa Zambia. Kwetu jambo hilo halihitaji maelezo: mama mkubwa ni mama, basi. Mtoto akakua na mama wawili. Wa Ndola alikuja Krismasi moja na kuiruka nyingine, mikononi ana biskuti. Wa Likasi, yaani mimi, nilibaki na homa, madaftari na nywele za kusuka kila Jumamosi. Sasa msichana alikuwa amemaliza sekondari na kupata nafasi ya kusomea uuguzi huko huko Ndola. Fomu ya shule ilikuwa ya Kiingereza.

Siku moja mchana, yeye akiwa kwenye masomo yake ya Kiingereza parokiani, niliikuta ile fomu ndani ya kamusi. Sikuwa napekua. Nilikuwa natafuta pini, na pini huweza kuwa popote. Mistari yote ilijazwa kwa kalamu ya bluu, herufi nzuri zilizosimama wima. Mmoja tu ulikuwa mtupu. Juu yake paliandikwa *next of kin*, na chini yake palikuwa pamefutwa, pakafutwa tena, hadi karatasi ikawa nyembamba. Niliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Pale palipofutwa nikaona alama za penseli, namba ya simu inayoanza na mbili, sita, sifuri. Hiyo ni Zambia. Na Zambia nzima sisi tunamjua mtu mmoja.

Aliporudi niliweka kidole kwenye ule mstari, nikamwuliza kama mtu asiye na haraka.

"Haya maneno yanasema nini?"

"Ni kitu ya kawaida tu, mama. Minye nitaijaza."

Kitu cha kawaida hakifutwi hadi karatasi ikaribie kutoboka. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa wajinga, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Nilichukua chaki ya kukatia, nikanakili yale maneno matatu kwenye kipande cha bitana, nikakikunja mfukoni. Fomu sikuitoa nyumbani. Ukimwonyesha mtu karatasi nzima, atakujibu anachofikiri unataka kusikia.

Nilianza na jirani yetu dereva, anayepakia madini Kamatanda na kuvuka nayo mpaka. Alikisoma kile kitambaa akiwa bado anatafuna.

"Ah, hii! Kule mupaka banatuandikishaka hii. Ni mutu wa kuitwa kwanza kama unapata ajali. Kama unakufa, njo yeye banaambia."

Nikamshukuru, nikaondoka. Shule gani hiyo inayomwuliza msichana habari za kufa kwake hata hajafungua daftari? Kisha wazo la pili likanipata katikati ya barabara, na hilo liliuma zaidi. Mwanangu akipatwa na jambo, ataitwa mdogo wangu. Mimi nitaletewa habari baadaye, kama jirani. Miaka kumi na sita ya kukesha na homa zake, halafu nipewe habari mkono wa pili! Nilimchukia mdogo wangu siku ile, na biskuti zake pia.

Hata hivyo, dereva ni dereva. Nilikwenda kwa mzee mmoja anayekaa nyuma ya kanisa, aliyefundisha Kiingereza sekondari hadi akastaafu. Suruali zake nashona mimi. Mzee huyo ukimwuliza maana ya neno, hakuachi uende nayo hivi hivi. Lazima ulitumie mbele yake.

"Dereva hakudanganya, lakini alisema nusu," alianza. "Siyo kufa tu. Ni mutu wako wa karibu: bwana, bibi, mama. Pengine mwenye unachagua weye mwenyewe. Mugonjwa iko lazima apasuliwe na hawezi kusema, banauliza yule. Kazi yake ni moja: anaitwa, anaitika. Sasa minye nauliza, weye unajibu. *Who is your next of kin?*"

Alinifundisha jibu, akanitaka nilirudie hadi ulimi ukalikubali. *My next of kin is my daughter*. Yaani wangu ni binti yangu. Nililisema bila kusita, na likanipendeza mdomoni.

"Muzuri. Na yeye, wake ni nani?"

Nikamwambia suruali yake itakuwa tayari Jumamosi.

Kesho yake nilimkuta binti yangu anapiga pasi, nikashindwa kuendelea kujifanya, nikaitoa fomu ndani ya kamusi.

"Uliandika numero ya mudogo yangu," nilisema. "Minye hapa niko nani? Mulinzi wa nyumba?"

Aliiweka pasi ya makaa juu ya tofali. Hakushtuka. Nadhani alikuwa ananisubiri.

"Mama, weye njo niliandika wa kwanza. Nikafuta. Nikaandika mama wa Ndola. Nayo nikafuta."

"Juu ya nini unanifuta?"

"Juu haukamatake."

"Sikamatake nini?"

"Telefone. Ile siku nilianguka na malaria ku masomo, directeur alikuita na telefone yake mara ine. Ukakata. Ya tano ukazima. Minye nilikuwa nalala pale ku banc, pembeni yake, nasikia inalia, nasikia unakata."

Niliikumbuka siku ile vizuri. Alirudishwa nyumbani na mwalimu wake kwa taksi, shuka mabegani, macho mekundu. Nilimgombeza yule mwalimu mbele ya majirani, nikamwuliza kama mkuu wa shule yao hana hata adabu ya kumjulisha mzazi, nikafunga mlango kabla hajajibu. Jioni, nikimkanda mtoto kwa maji, nikamsimulia jinsi matapeli walivyonisumbua kutwa nzima na jinsi nilivyowaweza. Nilijisifu. Naye alinisikiliza akiwa na homa. Hakunieleza siku ile wala siku nyingine.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani, nikawa nachezea kibweta cha sindano.

"Nitakamata," nilisema mwishowe.

"Unasema tu, mama."

Hakusema kwa ubaya. Alirudisha fomu ndani ya kamusi, akachukua pasi yake, akaendelea na kola.

Alhamisi yake nilikuwa nakata kitenge cha harusi, kitambaa cha watu, mkasi umefika katikati, simu ikalia. Namba ngeni. Kidole changu kilikwenda chenyewe kwenye kitufe chekundu, kwa mazoea ya miaka. Nikakizuia. Nikapokea, mkasi ukapotoka kidogo kwenye mstari.

"Halo?"

Kelele za watu, kuku, mtu anaita wateja.

"Mama?"

"Ni minye! Uko wapi? Nini ilifika?"

"Hapana kitu. Niko ku soko. Niliomba telefone ya mama mwenye kuuzisha bunga."

Akakata. Kwanza nilikasirika: nimemlea mwenyewe, leo ananijaribu kama sarafu ya kutiliwa shaka! Baadaye nikacheka peke yangu, kisha nikatafuta namna ya kuficha kosa la mkasi ndani ya pindo. Alipofika nyumbani aliitoa fomu ndani ya kamusi. Aliketi mezani, akachukua kalamu ya bluu na kujaza ule mstari, na safari hii hakufunika. Jina langu lote, namba yangu, na pembeni, mahali pa kueleza mimi ni nani kwake, akaandika *mother*. Hilo nililijua bila kumwuliza mtu.

Sasa yuko Ndola. Jumapili ananipigia kwa namba yake mwenyewe, yenye jina. Siku nyingine zote napokea kila kinacholia. Nimepokea watu waliokosea namba, mtu anayemtafuta fundi wa paa, na mwanamke aliyelia dakika nzima kabla hajagundua kwamba mimi si dada yake.

Jana alipiga mwanamume mwenye sauti laini.

"Mama, félicitations! Umeshinda."

Nilijua ni tapeli tangu neno la kwanza. Zamani angepata mlio tu. Nilimwacha aseme yote, zawadi, jina la shindano, namba ya siri niliyotakiwa kumsomea. Alipomaliza nikamwuliza:

"Njo ile tu? Hauna maneno ingine?"

"Ingine gani, mama?"

"Ya mutoto wangu wa Ndola."

"Mutoto gani?"

Nikamshukuru kwa moyo wangu wote, kisha nikakata.