Ulimtwika Kwanza?

Nakumbuka asubuhi moja, mjukuu wangu Mwende, nimeketi katikati ya njia ya murram kule Isinya, viganja vimejaa damu, na damu yenyewe si yangu. Lakini nimeanzia mwisho. Ngoja nirudi nyuma.

Jana ulinionyesha kwenye simu ile pikipiki unayotaka kununua ya kupelekea mayai hoteli za Kitengela. Asubuhi ilikuwa na bei yake, jioni imeruka. Ukaniambia, "Susu, hii ndiyo iko kwa soko saa hii, nikingoja nitakosa." Mimi nikaendelea na chai yangu. Labda ulidhani uzee umeniziba masikio. La, nilikuwa nimeshtuka, kwa sababu maneno hayo ni yangu. Niliyasema nikiwa na umri kama wako, na nusura yaniulie mtoto.

Wakati huo nilikuwa nimetoka Ukambani juzi tu, nimeolewa na babu yako. Nilikuwa nachukua maziwa kwa jirani yetu, mama mmoja Mmaasai tuliyemwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, nikiyapeleka sokoni kwa miguu na mtoto mgongoni, mpaka kiuno kikanikataa. Nikaanza kuweka akiba ya baiskeli. Kila nikifika dukani nakuta bei imepanda, na ile niliyoiona mara ya mwisho haipo, imekuja ya jina lingine. Kulikuwa na moja iliyoitwa Swara. Hiyo niliikataa kabisa, maana vijana walikuwa wakiirudisha imepinda.

Mwezi uliofuata nikakuta nyekundu, inang'aa, imeandikwa Simba Dume. Muuzaji akaapa kwamba imebaki hiyo moja tu na kesho bei inapanda. Nikaizungusha mbele ya duka mara mbili, bila hata kikapu, wanawake wa soko wakinipigia vigelegele. Weh, kichwa kilinivimba! Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na yule muuzaji alikuwa ameitembeza hadi nje ya duka. Mimi sikuona. Nikalipa.

Siku ya tatu nikafunga mitungi miwili ya maziwa kwenye keria, mtoto nikamfunga mgongoni kwa leso, nikashika njia. Kwenye mteremko foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ikakatika. Sisemi ilipinda, ilikatika kama muwa. Nikarushwa mbele, na mtoto akachomoka kwenye leso akanipita kwa juu. Nilimwona kwa macho haya akinipita, Mwende. Akatua na kichwa kwenye jiwe, na hakulia.

Nikamtambalia, nikamshika kichwa, viganja vikajaa damu. Maziwa yalikuwa yakinitiririkia miguuni, na nikakaa tu hapo, macho yamegandia baiskeli. Changarawe zilikuwa zimelikwangua lile jina la Simba Dume, kumbe ni karatasi iliyobandikwa tu. Chini yake palikuwa pameandikwa Swara.

Yeyo alikuwa nyuma yetu na punda wake, anatoka kuteka maji. Alimshika mtoto, akamwosha uso kwa maji ya dumu, na ndipo mtoto akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu kama kile. Yeyo akamfunga kidonda kwa shuka yake, akambeba mpaka zahanati, na mimi nikatembea nimemshika punda shingo. Mtoto alishonwa nyuzi saba.

Tukiwa pale kwenye benchi nilimlaani yule muuzaji na ukoo wake wote. Yeyo akaniacha nimalize. Kisha akauliza kwa upole, "Ulimtwika kwanza?"

Nikamuuliza nani.

"Huyo wako wa chuma. Mimi nikinunua punda, sitoi pesa mpaka nimtwike madumu yangu, niende naye kwa maji na kurudi. Wewe ulimuuliza jina, ukamuuliza bei. Mzigo wako hukumwonyesha."

Nikajitetea kwamba lile jina lilikuwa la uongo.

"Jina hudanganya," akasema. "Mzigo hapana."

Muuzaji alikuwa mwizi, sawa, lakini aliyemfunga mtoto mgongoni ni mimi. Na aibu ikanifanya nitende kosa la pili. Nilipofika nyumbani nilimwambia babu yako kwamba mtoto amepigwa pembe na ng'ombe wa Yeyo. Yeyo alisikia, akaninyamazia mpaka alipozikwa. Mungu amrehemu, alibeba uongo wangu na ng'ombe wake hana kosa.

Sasa unaelewa, mwanangu. Ile alama iliyo kwenye paji la uso la baba yako, anayowasimulia kila Krismasi jinsi alivyoipata akipambana na fahali akiwa mdogo, ndiyo hiyo. Hakuna fahali. Kuna mimi na haraka yangu. Majuto ni mjukuu, wanasema. Niliuchukulia kuwa msemo tu, hadi jana ulipoketi mbele yangu na simu yako.

Kwa hivyo nisikize. Kabla hujatoa hata shilingi, beba trei zako za mayai mpaka dukani, uzifunge kwenye hiyo pikipiki, uiendeshe kwenye murram na matuta, si kwenye lami ya mbele ya duka. Muuzaji akikataa, rudi nyumbani na pesa zako. Bei ikipanda, iache ipande. Jina likibadilika, liache libadilike. Mayai yako hayatabadilika uzito, na hayo ndiyo utakayoyabeba kila siku.

Na Jumapili umlete baba yako. Hiyo hadithi ya fahali nataka kuifuta kwa mdomo wangu mwenyewe, kabla sijamfuata Yeyo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe chombo kinachouweza mzigo wako, akulinde kwenye kila mteremko, na watoto wako wasiwe na kovu litakalokulazimu kulitungia uongo.