Mkono Chini ya Kiti

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso wake mwenyewe, Hermenegildi alikuwa anaosha uso wa gari. Alifika kwa Dorotea, pale Mlabani, kuku wakiwa ndiyo kwanza wanatoka bandani. Anachota maji kwa kopo, anatoa kitambaa mfuko wa nyuma, anafuta taa ya kulia, halafu ya kushoto, halafu kioo. Maji yanayobaki ndiyo ananawia yeye. Dorotea akitoka na ufagio wake, anamkuta ameshafungua boneti, ameinama kama mtu anayemsikiliza mgonjwa.

Gari lenyewe halikuwa la kuoshwa uso. Lilikuwa pikapu la zamani la petroli, rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba. Kioo cha dereva kilishikiliwa na kipande cha ubao. Mshale wa mafuta ulikufa siku nyingi, kwa hiyo mafuta yalipimwa kwa kijiti cha mwanzi. Nyuma, kwenye bodi, marehemu Alphonce alikuwa ameandika kwa brashi: TUMETOKA MBALI.

Alphonce alikuwa mume wa Dorotea na rafiki wa Hermenegildi. Alilinunua kwa bei ya chuma chakavu, limelala kwenye majani nyuma ya gereji, kuku wanatagia kwenye injini. Pesa zilikuwa za Alphonce, mikono ilikuwa ya Hermenegildi. Kabureta aliitoa kwenye gari lililopinduka, rejeta akaiziba mwenyewe, waya akazitandika upya moja moja. Siku liliponguruma mara ya kwanza, Alphonce alicheka mpaka akakaa chini. Hermenegildi hakucheka. Aliweka kiganja juu ya boneti akakaa hivyo muda mrefu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mke hakuwa naye, na tangu siku ile watu wa Mlabani wakasema mzee Gildi ameshaoa.

Alphonce alipofariki, ndugu zake walikuja kulichukua gari. Wakazungusha ufunguo, wakasukuma mpaka barabarani, wakasukuma mpaka jasho likawaloanisha mashati, gari kimya. Ndipo akaitwa Hermenegildi. Akapapasa boneti, akasema nalo maneno ya chinichini, akaingia, akawasha. Likawaka. Watu wakatazamana. Wakasema gari linamlilia Alphonce, na limemchagua Gildi. Wale ndugu wakaondoka, maana nani anataka gari lenye mwenyewe? Dorotea akabaki na gari lake, na gari likabaki na Hermenegildi. Miaka ikapita hivyo. Walibeba mpunga, matofali, mchanga, na jeneza likiwepo walibeba jeneza. Mtu mwingine akijaribu kuliwasha asubuhi, linakataa.

Siri ilikuwa swichi. Ndogo, kama ya taa ya kitandani, imefichwa chini ya kiti cha dereva, upande wa mlango. Yeye na Alphonce waliifunga wakati walipokuwa wanalala na gari njiani kule Malinyi, wakiogopa wezi. Ukiibonyeza chini, umeme haufiki kwenye koili, na hata msukume kijiji kizima gari haliwaki. Alphonce alikufa hajamwambia mke wake. Na Hermenegildi naye hakusema. Kila jioni alishusha mkono, akabonyeza, akaenda kulala na moyo uliotulia.

Halafu akaja Agnella.

Agnella ni binti wa Dorotea. Alikuwa Sanje kwa mjomba wake, na huko alijifunza kuendesha trekta la mjomba, akibeba ndizi kutoka mashambani mpaka barabarani. Akarudi nyumbani amekuwa mtu mzima, mikono ina sugu. Siku ya pili tu akamwamkia Hermenegildi, "Shikamoo Baba Mdogo," akaitikiwa, akauliza kama anaweza kushika usukani kidogo. Dorotea akasema, mfundishe mwenzio, shemeji, sote tunazeeka.

Akamfundisha. Angekataa kwa neno gani? Huyu ndiye mtoto ambaye zamani yeye alikuwa anamkalisha kwenye kiti cha kushoto, miguu haifiki chini, anampa njugu anyamaze. Lakini hakufundisha kwa moyo mmoja. Alitaka Agnella akosee. Akitaka kuingia gia ya pili, Hermenegildi anasubiri ule mkwaruzo, na mkwaruzo hauji. Kwenye tope la njia ya mashambani anasubiri akwame, na Agnella anapunguza mwendo, anapita kwenye ukingo wa nyasi, anatoka. Hermenegildi anasema, "Mh, umebahatisha." Rohoni kuna kitu kinamla taratibu kama mchwa kwenye nguzo.

Haikupita muda Agnella akawa anaenda peke yake, Hermenegildi akishaliwasha asubuhi. Ndipo mambo madogo yakaanza kumtesa. Akiingia anakuta kiti kimesogezwa mbele, magoti yake yanagonga usukani. Anatazama kioo cha ndani, haoni barabara, anaona paa, maana kimegeuzwa kufuata macho ya mtu mwingine. Siku moja alikuta kibanio cha nywele kimening'inia kwenye mti wa gia. Alikishika kwa vidole viwili. Mtu ambaye amekuta kiatu kisicho chake chini ya kitanda chake, sura yake huwa vile. Akakiweka kwenye dashibodi, akakitazama njia nzima, na jioni akasahau kumwambia Dorotea kwamba breki zimeshuka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba gari halikuonyesha tofauti. Yeye alidhani likiendeshwa na Agnella litakohoa, litachemka, litamtafuta. Anakaa kibarazani anasikiliza linavyokuja kutoka sokoni, na mlio ni uleule. Ndiyo akaanza kulifuata sokoni hata mchana; Agnella akishuka kutafuta mzigo, yeye anapenyeza mkono, anabonyeza swichi, anaondoka. Agnella anakwama sokoni, Hermenegildi anaitwa, anakuja polepole, anapapasa boneti, anaingia, linawaka. Wauza samaki wanapiga makofi. Siku hizo alikula ugali wote akaomba na mwingine. Agnella alimtazama, akafuta mikono kwenye kitenge.

Kilichomaliza mambo ni neno la Mabula. Mabula ni mpakizi wao, Msukuma mrefu mwenye maneno mengi. Walikuwa wanavuka daraja la Kilombero kwenda Lupiro, kwenye shamba la Dorotea, Agnella kwenye usukani, Hermenegildi kushoto. Pale watu wanapouza samaki wa kukaanga, vijana wakamshangilia Agnella, dereva, dereva, wakampa samaki wa bure. Mabula akainama dirishani kutoka nyuma. "Mzee Gildi, sasa wewe ndiyo konda wetu? Kusanya nauli basi."

Wote wakacheka. Agnella naye akacheka kidogo, na kile kidogo ndicho Hermenegildi alikwenda nacho nyumbani.

Shambani mpunga ulikuwa umeshapigwa, umelundikwa juu ya maturubai, unasubiri kubebwa kesho yake. Ule mpunga ndio ulikuwa mwaka mzima wa Dorotea, chakula humo, mbegu humo. Na mvua zilikuwa zimekwisha, kila mtu alisema zimekwisha. Jioni ile Hermenegildi alibonyeza swichi, akaacha ufunguo mahali pake. Akamwambia Dorotea kwamba mgongo unamkaba, kesho labda hatakuja. Agnella yupo, akasema. Si ameshakuwa dereva.

Asubuhi alilala kitandani kwake, mgongo mzima, anasikiliza. Hakuosha uso wa mtu wala wa gari. Mbingu upande wa mto ziligeuka nyeusi kama sufuria. Akasikia upepo umebadilika, akajua mvua inakuja, na akajua mpunga uko wazi. Kilimpata kitu kama hofu. Lakini juu ya ile hofu kulikuwa na utamu, na utamu ulikuwa na nguvu kuliko hofu. Watakuja, alijiambia. Wasukume kwanza.

Mabula alikuja mbio kwa miguu, safari hii hana utani. Akasema gari limegoma tangu alfajiri, wamesukuma na majirani wote, bajaji na pikipiki zote zimekimbilia mizigo ya wengine, mama anamwomba mzee ajikaze. Hermenegildi akasema sawa, ngoja nimalize uji. Akanywa uji. Akavaa shati safi. Akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

Alipofika uani alikuta watu wamejaa, wamelowa jasho, na Dorotea amesimama na kanga kichwani anatazama mawingu. Agnella alikuwa anatoka kwenye gari, viwiko na magoti vimejaa vumbi. Akapita pembeni bila kumtazama. Hermenegildi aliona lile vumbi akafurahi. Amepiga magoti mpaka amechoka, akawaza, na bado.

"Poleni," akasema. "Nipisheni kidogo."

Wakampisha. Akalizunguka gari mara moja, kitambaa mkononi, akafuta taa ya kulia, akafuta ya kushoto. Akaweka kiganja juu ya boneti. Akasema maneno yake ya chinichini, marefu kuliko siku zote. Watu walikuwa kimya na yeye alikipenda kile kimya. Halafu akaingia, akarudisha kiti nyuma, akageuza kioo kikae anavyotaka yeye. Akashusha mkono chini ya kiti, upande wa mlango.

Swichi ilikuwa juu.

Kidole kilisimama pale. Akapapasa tena, labda amekosea. Ilikuwa juu, na vumbi lililokaa pembeni yake miaka yote lilikuwa limefutika. Akainua macho. Agnella alikuwa amesimama mlangoni, karibu kabisa, na nyuma yake Dorotea. Hawakuwa wanatazama boneti wala uso wake. Walikuwa wanatazama ule mkono.

"Washa tu, Baba Mdogo," Agnella akasema, polepole ili wengine wasisikie. "Nimeshaiweka juu."

Akawasha. Likawaka mara moja. Watu nje wakashangilia, wengine wakapiga miluzi, Mabula akarusha kofia yake juu. Hermenegildi hakuweza kuondoa mkono kwenye ufunguo.

Dorotea akaegemea dirisha. Hakupandisha sauti. Alikuwa na ile sauti ya mtu anayeuliza chumvi.

"Shemeji. Kwa ndugu zake Alphonce uliniokoa, sasa ndiyo naelewa, na sitasahau. Lakini mwanangu ulimfungia nini?"

Angesema wezi? Akafungua mlango, akashuka, akapanda nyuma pamoja na wapakizi, juu ya magunia matupu. Agnella akakaa, akasogeza kiti mbele, akageuza kioo, wakaondoka.

Mvua iliwakuta wameshavuka daraja. Walipofika shambani, maji yalikuwa yanatembea juu ya maturubai, na upande mmoja wa lundo ulikuwa umelowa mpaka chini. Wakapakia. Hermenegildi alibeba kuliko vijana, shati lake safi limeganda mwilini, na hakuna aliyemwambia mzee pumzika, mgongo wako. Mabula alikuwa anapokea magunia kutoka kwake bila kusema kitu. Alikuwa ameshaelewa, au ameambiwa. Kunyamaza kwa mdomo ule kulikuwa kuzito kuliko gunia.

Jioni walimwaga mpunga uliolowa sebuleni, vyumbani, hata chini ya vitanda, wakaugeuza kwa mikono. Ulishaanza kutoa joto. Dorotea alichukua punje, akaitafuna, akaitema, hakusema ni kiasi gani kimepotea. Chakula kilipoiva akamwekea Hermenegildi sahani ya kwanza, kama siku zote, mnofu mkubwa juu. Afadhali angemnyima.

"Kesho wahi," akamwambia. "Kuna magunia yamebaki kule."

"Ndiyo, shemeji."

Alikula nusu. Akatoka uani, akafuta tope kwenye taa, moja, halafu nyingine. Akamwita Agnella, akampa ufunguo mkononi. Akamwambia breki zimeshuka, zikazwe kesho kabla ya kutoka. Likichemka asifungue rejeta mpaka lipoe, na ile gia ya pili asiibembeleze sana, inapenda mtu asiyesitasita. Agnella akasema asante, Baba Mdogo. Akangoja, labda kuna lingine. Hakukuwa na lingine.

Akatoka getini na kitambaa chake mfuko wa nyuma. Hajafika kona, akasikia Agnella analisogeza gari chini ya paa. Ufunguo mara moja tu. Hakuna kiganja, hakuna maneno. Na lile gari, alilolitoa kwenye majani akaliunga waya kwa waya, likaitika palepale kwa mlio uleule aliodhani ni wake peke yake.

Alisimama mpaka injini ikazimwa. Halafu akaenda.

Kijana mmoja wa bodaboda alimpita barabarani, akapunguza mwendo, akamwuliza, mzee Gildi, saa hizi unakwenda wapi na matope haya? Akajibu anakwenda hapo mbele tu. Kesho yake hakuonekana kwa Dorotea, na hapo mbele penyewe hakuna anayepajua mpaka leo.