Kuvreli Mbili za Muzee Nyirakamana

"Mama Domitille, weye unamaliza robe ya bibi-arusi kwa siku tatu. Hizi kuvreli mbili zinakushinda juu ya nini?"

Nilimuuliza hivyo mwaka 2020, nikiwa na miaka kumi na moja, kwenye baraza yake hapa Murara. Mama Domitille ni fundi wa nguo, jirani yetu. Kuvreli ninazosema ni vifuniko vya kitanda vya vipande vya vitenge, vilivyounganishwa kimoja kimoja. Mama yake, muzee Nyirakamana, alikufa mwaka uliotangulia akaacha mbili ndani ya fuko, zote bila pindo, bila kitambaa cha chini.

Hakuinua macho kwenye mashini. "Gisubizo, kwa Kinyarwanda jina lako ni jibu. Mbona kwangu unaletaka tu maswali? Nenda ukachote maji."

Habari niliipata kidogo kidogo. Kwao, kwenye milima ya Masisi, muzee alimushonea kila mutoto kuvreli ya siku ya kuoa ama kuolewa. Hilaire, mukubwa wao, alipata yake. Zilizobaki zilikuwa ya Domitille na ya Viateur, kitinda mimba. Mwaka 1996, walipokimbia vita, Viateur alipotea njiani kati ya watu. Alikuwa na miaka sita. Mwaka uliofuata Domitille aliolewa kambini, bila kuvreli, bila hata ngoma.

Tangu Viateur alipopotea, muzee hakutaja jina lake. Hilaire alipomuombea misa ya wafu, muzee alibaki nyumbani akichambua maharagi.

"Alimusahau," Mama Domitille aliniambia, na sauti yake ilikuwa kali. "Mutoto wake wa tumbo!"

Mwezi wa tano 2021 volkano ililipuka. Siku chache baadaye tuliambiwa Murara ihame, tukatembea kwa miguu mpaka Sake, sisi na Mama Domitille. Watu walibeba magodoro na sufuria. Yeye alibeba lile fuko. Kwenye darasa tulilopewa alizitandika kuvreli juu ya sakafu ya sima, tukazilalia.

Asubuhi, jua likiingia dirishani, mimi nilikuwa bado nimelala kifudifudi, pua juu ya kitambaa.

"Mama, hizi ziko na miaka ngapi?"

"Zote ni za mbele ya nonante-six, mbele ya vita. Amuka, uoshe uso."

Lakini mimi nilikuwa naangalia nyuzi. Kuvreli ya Mama Domitille yote ilishonwa kwa mashini, mistari imenyooka. Ile ya Viateur ilikuwa ya mashini katikati tu. Kuzunguka pale, vipande vyote vilishonwa kwa mukono, vingine vimepinda kama mwandiko wa mutoto wa primaire. Nilimuonyesha. Alipitisha kidole pole pole.

"Mashini ya mama iliungua na lava ya 2002," alisema. "Aliibeba kichwani kutoka Masisi, halafu siku ile akaiacha, akashika hili fuko. Nilimugombeza sana. Nilisema ameshikwa na wazimu."

Basi sindano ya mukono ilikuja nyuma ya lava. Tukaanza kutafuta kipande kipya kuliko vyote, tujue muzee alishona mpaka mwaka gani, kwa sababu kitenge cha zamani kinaweza kulala sandukuni miaka na miaka, lakini kipya hakiwezi kushonwa mbele ya kutoka fabriki. Nilikiona kwenye kona: cha njano, chenye ndege.

"Mama! Hii njo robe yangu ya komunio!"

"Acha bongo, usinidanganye."

"Angalia ndege!"

Robe ile alinishonea Mama Domitille mwenyewe, mwaka 2018. Muzee aliishi kwa Hilaire, kule Kibati, na kila akija kututembelea aliokota vipande chini ya mashini. Sisi tulifikiri ni vya kushikia sufuria.

Mama Domitille aliweka ile kona juu ya magoti. "Miaka makumi mbili na mbili," alisema. "Na mimi niliambia watu amemusahau."

Akalia. Mama moja aliyelala karibu yetu akauliza kama kuna habari mbaya. "Hapana, mama," nikamujibu. "Ni kuvreli."

Mwanzo wa 2025 vita iliingia mujini. Ikapita juu yetu, tukabaki wazima. Mwezi wa nane Julie, binti ya Hilaire, alikuwa anaolewa, na Hilaire akafika pale baraza.

"Domitille, maliza zote mbili, umupe Julie. Viateur tulishamuombea misa."

"Yaya," alimuita kaka yake mukubwa, "kunywa kwanza chai."

"Chai haishonake."

Kuvreli yake mwenyewe, ambayo muzee aliacha kuishona tangu siku ya kukimbia, Mama Domitille aliitia kitambaa cha chini na pindo kwa siku mbili, akaikunja vizuri. Hilaire akafungua ile ingine, ikafunika kiti, meza, ikafika mulangoni.

"Hii ni ya kitanda cha tembo?"

"Chukua ya Julie, yaya. Hii inabaki."

Hilaire alitikisa kichwa, akaenda na moja. Mama Domitille akatia uzi kwenye sindano ya mukono, akachagua kipande cha bluu katika mabaki ya wiki ile. Nikamuuliza tena kwa nini haimalizi.

"Siku ya kukimbia ilienea tu kitanda cha mutoto wa miaka sita," alisema. "Halafu mama akaiongeza kila mwaka, juu mutoto anakomaa. Fundi hakunjake pindo bila kupima mwenyewe, Gisubizo. Mimi sijui Viateur amefika urefu gani. Akuje nimupime, nitaimaliza siku ile ile."